Misingi ya Uwangalojia: Mlo wa Kitaliano kwa Kipimo cha Kulesa

Mwanafunzi, fungua daftari na ukae wima. Wapo waliokwenda Roma kuuchunguza mlo wa Kitaliano wakarudi wameshiba, na shahidi aliyeshiba haaminiki. Mtafiti makini huanzia Kulesa, ukingoni mwa Tana. Sababu ni ya kijiografia na haina mjadala. Po ndio mto mrefu kuliko yote Italia, una delta, na bonde lake hulimwa mpunga. Tana ndio mto mrefu kuliko yote Kenya, una delta, na bonde lake hulimwa mpunga. Kwa hiyo Po ni Tana ya Ulaya, na Italia ni Kulesa iliyonyimwa minazi.

1. Fasili

Uwangalojia ni elimu ya mwenendo wa wanga unapokutana na mchuzi. Kwa mujibu wake, mlo wa Kitaliano ni mkataba baina ya wanga mmoja na kitoweo kimoja mbele ya mashahidi wachache: mafuta ya zeituni, nyanya, jibini, na jani la mrehani. Bizari haina sahihi katika mkataba huo. Uchache huu tunauita *upungufu-hiari*. Usiuchanganye na *upungufu-lazima*, ambao hutokea tarehe 27 ya mwezi, mwenye duka akishakataa kukopesha.

2. Aina ya Kwanza: Wanga-uzi

Hapa zimo tambi za uzi, za bomba na za utepe. Sheria ya Italia namba 580 ya tarehe 4 Julai 1967 iliamuru tambi kavu zitengenezwe kwa ngano ngumu. Ngano hiyo huzaa *ukaidi-jino*, yaani hali ya tambi iliyoiva nje ilhali kiini chake bado kinabishana na meno. Ukaidi-jino una ngazi tatu: ubishi, mgomo na uasi. Mtaliano hula kwenye ubishi. Pwani yetu haitaki mazungumzo: tambi huvunjwavunjwa, zikakaangwa, zikapikwa kwa tui, sukari na iliki hadi zikasalimu amri. Hali hii ni *utiifu-sukari*.

2.1 *Mvunjo.* Wanafunzi wavivu husema Mtaliano havunji tambi kamwe. Si kweli. Napoli huzivunja kwa mkono tambi za bomba ziitwazo ziti kabla ya kuzitia majini. Upo basi mvunjo-halali, wa ziti, na mvunjo-haramu, wa spageti. Wa kwanza hulia *ko*. Wa pili hulia *ka*.

2.2 *Upana.* Mwaka 1972 Chemba ya Biashara ya Bologna ilisajili upana wa tagliatella iliyokwisha kupikwa: milimita 8, sawa na sehemu moja ya 12,270 ya urefu wa Mnara wa Asinelli. Kielelezo chake cha dhahabu kimehifadhiwa hapo. Nimependekeza Kulesa nayo ipime matonge yake kwa urefu wa mwembe. Wapinzani wangu wanadai mwembe hukua. Hoja dhaifu: tonge nalo hukua, mchuzi ukiwa mtamu.

2.3 *Tatizo la ndizi.* Kusini mwa Somalia, lililokuwa koloni la Italia, tambi huliwa pamoja na ndizi mbivu. Mtu wa Kulesa, anayelima ndizi, hawezi kulikwepa swali hili: ndizi hiyo ni tunda, kitoweo au shahidi? Ikiwekwa kushoto mwa sahani, ni tunda. Ikiwekwa kulia, ni kitoweo. Ikiwekwa juu ya tambi, kikao kinaahirishwa.

3. Aina ya Pili: Wanga-punje

Milano huukaanga mchele kwa siagi, huumwagia supu upawa baada ya upawa, na huukoroga hadi punje zitoe uji wake, kisha ikatia zafarani. Kulesa, wali wa nazi hufunikwa, ukapaliwa makaa juu ya kifuniko, na anayefunua kuchungulia hutazamwa kama mwizi. Sasa andika kwa herufi kubwa: kile kiitwacho ustadi huko Milano, huku huitwa mashendea. Sufuria mbili zaweza kuwa na ujiuji uleule, moja ikasifiwa na nyingine ikaitishiwa kikao cha wazee. Tofauti haimo sufuriani. Chombo pekee cha kuipimia ni uso wa mavyaa, usomwe kabla hajanawa.

4. Aina ya Tatu: Wanga-tungamano

Mahindi yalivuka bahari kutoka Amerika baada ya 1492, yakazaa polenta kaskazini mwa Italia na sima kwetu. Polenta hukorogwa kama dakika 40, humwagwa ubaoni, na kwa desturi ikishaganda hukatwa kwa uzi. Sima hukatwa kwa vidole, ikabonyezwa gumba ipate kishimo cha mchuzi wa kambare. Hapo ndipo ilipopatikana *Kanuni ya Gumba*: wanga unaokatwa kwa uzi haumwamini mlaji wake. Tena, katika karne ya 18 na ya 19, wakulima maskini wa kaskazini mwa Italia walioishi kwa polenta tupu waliugua pelagra kwa kukosa naiasini. Wanga bila kitoweo, mwanafunzi, si mkataba. Ni dhuluma.

5. Nafasi ya tambi katika ulimwengu

Tarehe 26 Aprili 1967 Waitaliano walirusha setilaiti ya San Marco 2 kutoka jukwaa lao la baharini, Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Siku 69 baadaye ikatiwa sahihi ile sheria ya ngano ngumu. Mwanazuoni haamini sadfa. Ni dhahiri kwamba taifa lile lilikagua anga kwanza, likaona hakuna pingamizi, ndipo likathubutu kuitungia tambi sheria.

6. Zoezi

(a) Bainisha *ko* na *ka* ukiwa umefumba macho.

(b) "Ndizi haina upande." Pinga.

(c) Pika mashendea kwa makusudi, mwandalie mavyaa, na uchore mchoro wa uso wake, ukionyesha vipimo.

Majibu yaandikwe kwa mkono uliolia. Atakayenawa kabla ya kuyakabidhi atahesabiwa ameharibu ushahidi.