Namna ya Kupangisha Anekisi kwa Usiku Mmoja Mmoja, Bila Ukoo Kukususa

Kwanza, futa wazo la kuchimba. Umeona kwenye simu kwamba Wamarekani hupangisha vyumba vya chini ya ardhi kwa wapita njia, ukajiuliza Bunia tumekosa nini. Haya, anza kuchimba shimo la mita tatu chini ya sebule yako. Tangu dhahabu ilipogunduliwa mwaka 1903 katika mto Agola, kule karibu na Kilo, hayupo mtu wa Ituri atakayeamini kwamba shimo lako ni la kulaza wageni. Asubuhi majirani watakupa pole ya kazi. Jioni watarudi na makarai. Kesho yake atafika mtu mwenye cheo, na huyo haji na karai.

Basi tumia anekisi. Kila parsele inayojiheshimu inayo: vyumba viwili nyuma ya nyumba kubwa, bati juu, mlango unaotazamana na jiko la makala. Kasoro yake ni moja tu, ina watu. Humo anaishi binamu yako aliyekimbia Djugu na watoto wake, aliyesema atakaa wiki mbili hadi kutulie. Usimfukuze, majirani watasema. Mhamishie sebuleni, watoto wake wabanane na wako, baba mkwe aende stoo, na shughuli yote uiite ukarabati. Ukarabati hauulizwi maswali.

Jamaa watauliza kwa nini usitafute mpangaji wa kudumu. Waambie sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 haikuruhusu kudai garanti ya zaidi ya miezi 3 kwa nyumba ya kuishi, nawe ni mtu wa kuheshimu sheria. Wenye nyumba wengine hudai miezi 6, lakini hao hawajaisoma.

Sasa mjue mteja. Si mtalii, watalii wa Bunia ni wachache kuliko lami yake. Ni mtu wa misheni, mwenye karatasi yenye mihuri, posho ya siku na chupa ya dawa ya mikono. Soko letu limejengwa na misiba. Juni 2003 walishuka wanajeshi wa Umoja wa Ulaya wa Operesheni Artemis, kikosi cha Umoja wa Mataifa kikaongezwa nyuma yao, na nyumba zikaanza kusema dola. Mwaka 2018 hadi 2020 ikaja Ebola, na msafara wa magari meupe nyuma yake. Mwenye anekisi husikiliza taarifa ya habari kama mkulima anavyotazama mawingu. MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa, ilipofunga virago Kivu Kusini mwaka 2024, naamini kuna wenye nyumba Bukavu waliolia machozi ya kweli.

Kabla ya mgeni hutangulia afisa wa usalama, na hapa ndipo wengi huanguka. Ana fomu. Atapima ukuta kwa macho, ahesabu nondo za dirisha, aulize kizima moto kiko wapi. Azima cha rafiki yako mwenye kituo cha mafuta, ila ung'oe kwanza karatasi yenye jina la kituo. Halafu atauliza, "Mlango wa dharura?" Mpeleke nyuma ya choo, umwonyeshe upenyo kwenye ua ambao kuku hupitia kwenda kwa jirani. Mwambie kwa uso mkavu kwamba umejaribiwa mara nyingi, na hakuna kuku aliyewahi kukwama. Ataandika kitu. Usichungulie.

Maji: mgeni anaoga kila siku, wakati mwingine mara mbili, Mungu amsamehe. Kila asubuhi panga bidoni za lita 20 mlangoni kwake. Familia itaoga atakapokuwa kazini. Umeme ukikatika, jenereta ilishe anekisi kwanza. Wanao watasomea dirishani kwake. Akilalamika kwamba kuna vichwa vinne gizani vinamtazama, mwambie ni walinzi.

Malipo yawe ya dola, na kila noti iinuliwe juani kabla ya chai. Iliyochanika hata kwa upana wa ukucha hakuna atakayeipokea mjini, na noti ya dola moja ni zawadi ya kumbukumbu. Komisionere aliyemleta mgeni atadai chake, kisha atadai tena mgeni akiongeza usiku. Mlipe. Airbnb ilianza mwaka 2007 kwa magodoro ya upepo sebuleni, lakini haina mtu anayekaa mbele ya uwanja wa ndege tangu alfajiri akijua kila anayeshuka na nani amemkasirikia mwenyeji wake.

Na chefu wa avenyu apewe taarifa siku ileile. Tangu Mei 2021 jimbo liko chini ya hali ya dharura ya kijeshi, na sura ngeni nyuma ya nyumba si jambo la kufichwa.

Imebaki kodi ya mapato ya upangaji, ambayo kwa miaka mingi imejulikana kwa asilimia 22. Mkusanyaji akigonga, sema hupangishi, huyo ni ndugu amekuja kusalimia. Binamu wa Djugu asitokeze kichwa sebuleni wakati huo, maana atahesabiwa kuwa mpangaji. Ugumu ni kwamba ndugu mwenyewe katoka Norwe na nywele zake ni za manjano. Kwa hiyo usiku wa kwanza kabisa, hata kabla ya kumwonyesha choo, mfundishe kusema "Mimi ni shemeji", na umkatalie chai hadi aiseme bila kucheka.