Barua ya Wazi kwa Ulinzi House: Pongezi Ambazo Bado Hazijafika Migori

Kwa Waziri wa Ulinzi,
Ulinzi House, Nairobi.

KUH: SHUKRANI KWA WATOTO WA WANAJESHI, MIGORI NA HOMA BAY

Mheshimiwa Waziri,

Wananchi wa Migori na Homa Bay wanaipongeza Wizara kwa jinsi inavyowaenzi watoto wa askari wake. Inawaenzi kwa siri kubwa, kiasi kwamba watoto wenyewe hawajapata habari.

Wanaochokoza ni Wamarekani. Mwaka 1986 Waziri wao wa Ulinzi, Caspar Weinberger, aliutenga mwezi wa Aprili uwe wa watoto wa wanajeshi, na siku hizi watu huvaa zambarau kuwaunga mkono. Huku kwetu mpango huo ungekwama getini. Sehemu kubwa ya Aprili shule huwa zimefungwa, na zikiwa wazi, mtoto wa Awendo akitokea na fulana ya zambarau, mwalimu wa zamu atamrudisha nyumbani akavae sare.

Tena mtoto wa Marekani hupongezwa kwa sababu anahamahama na wazazi wake kambi hadi kambi. Wa Ndhiwa hahami. Anayehama ni baba: Eldoret kwenye mafunzo, kisha Gilgil, kisha Garissa, mwishowe Somalia, huku mtoto akibaki kwa dani, yaani nyanya yake, akichunga ng'ombe na kusubiri simu. Shule za jeshi zipo, Moi Forces Academy ya Nairobi na ya Lanet. Ni shule nzuri, ila ukiishi Muhuru Bay huwezi kwenda asubuhi ukarudi jioni.

Si kwamba dola limewasahau kabisa watoto hawa. Liliwapa kazi tangu mwaka 1928. Kwenye sanamu za askari na wapagazi zilizo Kenyatta Avenue, Nairobi, kuna maneno ya Rudyard Kipling yanayomwambia mwanamume kwamba akiipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Mpango wa bei nafuu ulioje! Wanaume wa Nyanza walisombwa kwa maelfu wakawabebee Waingereza mizigo ya Vita vya Kwanza vya Dunia katika Carrier Corps. Wengi walizikwa pasipo kaburi lenye jina, mtaa wa Kariokor ukapata jina, na kazi ya kukumbuka wakaachiwa watoto bila mshahara wala posho.

Kazi hiyo bado inafanywa. Ijumaa ya Januari 15, 2016, Al-Shabaab waliivamia alfajiri kambi ya Jeshi la Ulinzi la Kenya (KDF) ya El Adde, Somalia. Picha zilianza kuzunguka kwenye simu, serikali ikawaonya wananchi wasizisambaze. Onyo hilo lilikuwa la busara, lakini halikumweleza mtoto mahali pengine pa kuuliza. Tarehe 27 Januari ibada ya kumbukumbu ilifanyika Moi Barracks, Eldoret. Rais wa Kenya alikuwepo, wa Nigeria alikuwepo, wa Somalia alikuwepo. Idadi ya waliokufa ndiyo haikuhudhuria. Baadaye Rais wa Somalia alitaja karibu 200, Nairobi ikamkana, kisha ikanyamaza bila kutoa hesabu yake, na hadi leo haijaitoa. Kwa hiyo mtoto wa darasa la kwanza alikabidhiwa sehemu ya siri ya taifa. Maafisa wangapi wa ujasusi wamepanda cheo mapema hivyo?

Siri hiyo huanza kumlemea anapofika kwa chifu na fomu ya basari. Fomu inataka kujua: wazazi wote wako hai, mmoja amefariki, au wote? Kama amefariki, ambatisha cheti cha kifo. Sasa chukua mtoto ambaye mwili wa babake ulisubiri kutambuliwa kwa vipimo vya DNA, na familia haikuwa na karatasi mkononi. Aweke alama kwenye kisanduku kipi? Chifu hukuna kichwa, hutafuta kidau cha wino, hugonga muhuri. Ikitokea wino wenyewe ni wa zambarau, basi Aprili ya Wamarekani imefika Migori.

Wizara isije ikasingizia umbali. Njia ya huku inaijua vizuri. Kila usajili wa makurutu ukitangazwa maafisa hufika, huwapima vijana urefu, huwakagua meno na nyayo. Juni 1, 2025, Madaraka Dei iliadhimishwa Homa Bay, katika uwanja wa Raila Odinga. Gwaride lilipita, uchumi samawati ukahubiriwa, na watoto wa wanajeshi wakawa na nafasi ile ile ya kupiga makofi kama watazamaji wengine.

Kwenye meza ile ile ya makurutu, basi, aketi sajini mmoja na daftari. Aandike majina ya watoto wa askari walio kazini, shule zao, na simu ya mwalimu mkuu, ili habari mbaya ije kwa mdomo wa mtu kabla ya WhatsApp. Kila Oktoba 14, Siku ya KDF, barua moja yenye saini ya mkuu wa kikosi isomwe mbele ya darasa la mtoto huyo. Gharama ni karatasi na stempu. Na kwa waliofiwa, cheti kitoke kabla ya fomu za basari za muhula ujao.

Majibu yapitie kwa chifu, ambaye ameombwa anunue wino mwingine.

Nakala: Mwalimu wa zamu.