Mheshimiwa Whom

Wabezaji hawakosi, lakini "whom" wa Kiingereza anastahili vigelegele. Maneno mengine yanahangaika kutwa sokoni na vijiweni; yeye hujitunza akisubiri barua rasmi.

Nasaba yake haina doa. Katika Kiingereza cha kale aliitwa "hwam", na kazi yake ilikuwa kupokea: aliyepewa kitu ndiye "hwam". Mzigo wa kutendwa ulimwangukia ndugu yake, "hwone". Baadaye Mheshimiwa akarithi kazi zote mbili, na "hwone" akazikwa bila matanga.

Husuda haikukawia. Mwaka 1789 Noah Webster, yule wa kamusi ya Marekani, alidai kwamba maswali yanayoanza na "whom" hayamo katika mazungumzo ya watu. Mwaka 1921 mwanaisimu Edward Sapir akamtabiria kwamba baada ya karne mbili hivi hata wanasheria wasomi hawatauliza "Whom did you see?" Mwandishi Calvin Trillin naye akasema neno hili lilibuniwa ili kila mtu asikike kama mtumishi mkuu wa jumba la bwanyenye. Kana kwamba hilo ni tusi!

Fadhila yake kuu ni kwamba hata akikosewa, hadhi anaitoa. Wapokea simu wenye adabu huuliza: "Whom shall I say is calling?" Kisarufi hapo ni pa "who", kwani anayeuliziwa ndiye mtenda, ndiye anayepiga. Lakini nani atamkosoa mtu mwenye sauti nzuri namna ile? Tena kosa hilohilo limo katika Biblia ya King James ya 1611, Yesu anapowauliza wanafunzi wake katika Mathayo sura ya 16.

Kiswahili, maskini, kina "nani" mmoja tu. "Nani amekuita?" "Umemwita nani?" Viambishi vinamaliza kazi, na hakuna anayeaibika mbele ya wageni.

Ni kweli kwamba kwenye baa za London "Whom did you see?" humfanya msemaji atazamwe mara mbili. Hata hivyo, wanaomcheka humrudia kimyakimya kila wanapofika kwenye "most of whom", kwa sababu "most of who" inawakwama kooni. Na kuanzia Nairobi hadi Dar es Salaam, barua za utambulisho bado zinafunguliwa kwa "To Whom It May Concern", zikipokewa na maofisa ambao, mara nyingi, haziwahusu.