Namna ya Kunyanyua Vyuma Bustan, Oman, Bila ya Goti Kukushitaki

Mwongozo huu ni wako, ami, uliyevuka miaka 45 na kuamua kurudi kwenye vyuma. Ni wako pia, shangazi, kwani hedhi ikikatika uzito wa mifupa hupungua kwa kasi na mazoezi ya nguvu huisaidia. Shabaha si kuwashinda vijana wa pwani. Shabaha ni kuinuka kwenye mswala ukiwa na miaka 75 bila ya kutafuta ukuta wa kushika.

1. Usiviache vyuma. Goti likianza kulia, kila mtu atakwambia upumzike. Ukipumzika mwaka mzima, msuli wa paja unasinyaa, na huo ndio unaolipunguzia goti kishindo. Na gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa kiungoni, halina mishipa ya damu. Hulishwa na ute wa kiungo, unaoingia na kutoka kiungo kinapobanwa na kuachiwa. Kiungo kisichotumika hulala na njaa. Shirika la Afya Duniani linawataka watu wazima wafanye mazoezi ya nguvu angalau siku 2 kwa wiki. Anza na hizo.

2. Utaliki uzito wa ujanani. Mzigo wa miaka 25 waachie wenye miaka 25. Chagua unaoweza kuunyanyua mara 10 hadi 15, na umalize ukiwa bado na nguvu za mara 2 au 3. Ushushe taratibu, ukihesabu mpaka 3. Misuli hupata nguvu upesi, kano huchelewa. Pita raundabauti ya Bustan ulitazame jahazi liitwalo Sohar: liliundwa katika mji wa Sur, mbao zikashonwa kwa kamba za makumbi bila ya msumari, na mwaka 1981 likafika China. Kano zako ndiyo mishono yako. Zipe wiki kadhaa kabla ya kuongeza mzigo, hata kama mkono unakwambia tayari.

3. Anza na kiti. Kiegemeze ukutani kisiteleze, simama mbele yake, miguu upana wa mabega. Sukuma makalio nyuma, shuka mpaka yaguse kiti, kisha inuka bila ya kutumia mikono. Goti likilalamika, weka mto juu ya kiti ili usishuke sana, likizoea, uondoe. Bega nalo likiuma, acha kwa sasa kusukuma vyuma juu ya kichwa. Inama mgongo ukiwa umenyooka, mkono mmoja uushike meza, na mwingine uvute chupa ya maji ya lita 5 mpaka ubavuni. Hiyo ni kilo 5, na jimu umeipata jikoni.

4. Itumie bahari. Ukiingia majini mpaka kiunoni, maji hubeba karibu nusu ya uzito wako. Tembea humo siku goti linapokuwa zito. Ukitoka, fuata mchanga mbichi ulioshikana. Ule mkavu hukipindapinda kifundo cha mguu. Na uogope jua. Kuanzia Juni hadi Agosti, sheria ya Oman inasimamisha kazi za juani kati ya saa 6:30 na saa 9:30 mchana. Ikiwa fundi aliyezoea jua analindwa hivyo, wewe unatafuta nini nje? Wakati wako ni baada ya Alfajiri, au jua likishazama.

5. Liulize goti siku ya pili. Maumivu madogo yanayopoa ndani ya saa 24 ni ya kawaida. Yakiamka nawe kesho yake yakiwa makali zaidi, punguza mzigo, usiache zoezi. Lakini goti likivimba na kuwa moto, likikwama, au mguu ukikataa kukubeba, nenda kwa daktari. Bendeji si ruhusa ya kuendelea.

Mwisho, usingoje mwezi mpya wala viatu vipya. Kiti unacho, chupa unayo. Shuka na uinuke mara 10 leo, pumzika kesho, kisha urudie. Goti linalotunzwa hivi ndilo litakalokufikisha msikitini kwa miguu yako mwenyewe.