Kamati Yapanda Boti

Wazo la kufungia ndoa melini lilifika Songea kwa basi la Dar es Salaam, kiti cha dirishani, ndani ya kichwa cha mtoto wa dada yangu. Januari 2024 aliiona meli ya kitalii ya Norwegian Dawn ikiwa imetia nanga bandarini Dar, ghorofa juu ya ghorofa, watalii zaidi ya elfu mbili ndani yake, na tangu siku hiyo kumbi zote za harusi nchini zikaanza kumkera. Mahari ilikuwa imeshapokelewa. Mshenga alikuwa ameshakula kuku wake wa mwisho. Kamati ilikuwa imeundwa, na mimi mama yake mdogo nikapewa ukatibu kwa sababu mwandiko wangu unasomeka.

Kikao cha pili, agenda namba nne, bwana harusi mtarajiwa akasimama na kusema: "Baba zangu, mama zangu, mimi na mwenzangu tumeonelea harusi ifanyike melini. Tunakwenda mapumziko, tunaoana hukohuko majini, tunarudi mke na mume."

Nikaandika kama alivyosema. Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Meli ya wapi, mwanangu?"

Swali lilikuwa la haki. Songea ni mji wa mlimani. Maji tunayojivunia ni chanzo cha Mto Ruvuma kule Matogoro, na mto huo unaokuja kuzitenga Tanzania na Msumbiji, pale unapoanzia unaweza kuuruka bila kukunja suruali. Kweli, kulikuwa na meli iliyoitwa MV Songea, lakini ilifanya kazi Ziwa Nyasa, safari ya zaidi ya kilomita 160 kutoka hapa, na wengi wetu tulijivunia jina lake miaka nenda rudi bila kuliona hata bomba lake la moshi.

Meli za kitalii za bahari kuu ziliondolewa mezani mapema, na si kwa sababu ya nauli. Baba mkubwa aliuliza wanakamati wangapi watapanda. Kijana akajibu kwa unyenyekevu, "Kama watu kumi hivi, Baba mkubwa." Ukumbi mzima ukageuka kumtazama dada yangu, aliyemzaa. Kwetu watu kumi ni idadi ya wanaomenya vitunguu.

Wasiwasi wa pili ulikuwa wa kisheria, nao uliangukia kwangu. Kijana alisema kapteni ndiye atakayewafungisha ndoa, kama kwenye filamu. Nikaenda kuuliza kwa wanaojua. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamtambua msajili wa ndoa na viongozi wa dini waliopewa leseni, kapteni hayumo. Sheria hiyo inataka pia taarifa ya nia ya kuoana itolewe siku 21 kabla, ili mwenye pingamizi apate nafasi ya kulisema. Wajumbe walilitafakari hilo la pingamizi. Melini, mwenye pingamizi angetakiwa kwanza ajue kuogelea. Bwana harusi hakukata tamaa: akatueleza kwamba meli za Princess Cruises, kuanzia mwaka 1998, zimekuwa na makapteni wanaofungisha ndoa halali, kwa vile sheria za Bermuda, zilikosajiliwa meli hizo, zinaruhusu. Mjumbe mmoja aliyekuwa ananyemelewa na usingizi akashtuka na kuuliza Bermuda ni wilaya ya mkoa gani.

Paroko alitupokea vizuri zaidi ya tulivyotarajia. Alisikiliza, akatukumbusha matangazo ya Jumapili tatu, akasema ndoa ya Mkatoliki mahali pake ni kanisani na kwamba mahali pengine panahitaji ruhusa ya Askofu. Kisha akatusindikiza hadi mlangoni. "Bwana Yesu alitembea juu ya maji," alisema, "lakini harusi ya Kana aliihudhuria nchi kavu."

Hapo ndipo likazaliwa pendekezo la kati, na mapendekezo ya kati ndiyo yanayogharimu. Ndoa ifungwe kanisani Songea, sherehe ifanyike Ziwa Nyasa. Bibi harusi kwao ni ziwani, Lituhi, kwa hiyo kamati iliamini familia yake ingefurahi. Baba yake alipopigiwa simu alikaa kimya kidogo, akauliza kama kumbi za Songea zimeungua. Watu wa ziwani maji yao ni shamba. Kumwambia mvuvi akalie harusi ndani ya boti ni kumwambia Mmatengo akale keki katikati ya ngoro zake.

Kuna meli ya abiria ya kisasa, MV Mbeya II, iliyozinduliwa mwaka 2021, inayobeba abiria 200 na mizigo tani 200. Mweka hazina alizichukua hizo tani 200 kwa furaha, akijua uzito wa mashangazi na masufuria yao, lakini abiria 200 wakamrudisha chini. Orodha ya kadi ilikuwa imeshapita watu mia nne, nayo ilikuwa haijafika mitaa ya Lizaboni wala Bombambili. Tumwache nani nchi kavu? Mjumbe mmoja akapendekeza wenye kadi za mtu mmoja wabaki ufukweni wakipunga mikono.

Mimi, nikiandika muhtasari, nilianza kuona tatizo lenyewe liko wapi, na halikuwa kwenye idadi. Harusi ya kwetu imejengwa juu ya haki ya kuchelewa na haki ya kuondoka. Kadi inasema saa kumi na mbili jioni, maharusi wanaingia saa mbili na nusu, na wote tunajua hivyo ila mpiga picha. Nina shangazi ambaye katika maisha yake hajawahi kushuhudia keki ikikatwa. Yeye hufika wakati wa zawadi, akiwa na kitenge chake begani, na hupigiwa vigelegele kuliko maharusi. Kuna wajomba wanaokuja kula tu na kutoweka kabla ya hotuba. Kuna jirani ambaye hakuchanga, anayepitia mlango wa jikoni na kutokea amebeba trei la soda, hata hakuna wa kumuuliza. Sasa meli inang'oa nanga kwa saa yake. Aliyechelewa amebaki, na aliyemo hatoki hata MC akianza kusimulia maisha yake mwenyewe.

Ngoma nazo. Lizombe haichezwi kwa kunong'ona. Wazee wakishika virungu na kukanyaga, udongo hujibu. Hakuna aliyejitolea kwenda kumweleza nahodha.

Lakini aliyetaka kulizamisha wazo moja kwa moja alikuwa Baba mkubwa, mwalimu mstaafu wa historia, ambaye alikuwa akingojea tangu mwaka aliostaafu apate watu wasioweza kuondoka kabla ya kengele. Aliuliza: boti ikishaacha ufukwe, harusi iko nchi gani? Mkataba wa Heligoland, 1 Julai 1890, Mwingereza na Mjerumani walikaa Ulaya wakachora mipaka. Mpaka leo Malawi inasema ziwa lote la upande huu ni lake hadi kwenye mchanga wetu, na Tanzania inasema mpaka uko katikati ya maji. "Kwa hesabu ya wenzetu," alisema Baba mkubwa, "bibi harusi akinyoosha mguu kupanda boti, mguu mmoja umeolewa Tanzania na mwingine uko ng'ambo bila pasipoti." Mweka hazina akauliza kama michango itabidi ipokelewe kwa kwacha.

Akaona hajatosheka, akatuongezea Liuli. Agosti 1914, pale Liuli, ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen kwa ajili ya lile jiwe kubwa lenye sura ya sanamu ya Misri, meli ya Kiingereza Guendolen ilikuja na kuipiga mzinga meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Kapteni wa Kijerumani, Berndt, alikuwa hajasikia kwamba vita imeanza. Alipanda mtumbwi akamfuata rafiki yake Rhoades, kapteni wa Guendolen, ambaye walizoea kunywa pamoja, akamuuliza kwa hasira kama amelewa. Akachukuliwa mateka. "Mnaona?" alisema Baba mkubwa. "Marafiki wa chupa moja, wamegombana juu ya ziwa lile. Mtawaweka humo mawifi wa pande mbili?"

Bibi alikuwa kimya muda wote. Aliposema, alitaja kuzama kwa MV Bukoba, Mei 1996, na hakuongeza kitu. Kicheko kikakatika, na nilichoandika kwenye muhtasari ni kwamba suala la usalama lilizingatiwa.

Pamoja na hayo yote kamati haikukataa. Kamati ya harusi haikatai jambo kabla ya kwenda kulikagua, hasa kama kuna posho ya safari. Tukakodi kosta, tukaondoka alfajiri ya Julai kupitia Mbinga, kila mtu ndani ya sweta kwa baridi ya Songea, na keki ya majaribio ya ghorofa tatu tumeipakata kwa zamu. Barabara ni lami mpaka ziwani sasa, ila kutoka milima ya Umatengo inashuka kwa kona zilizochorwa na mtu aliyekuwa anafukuzwa. Ghorofa ya juu ya keki ilihamia mapajani mwa mwenyekiti kabla ziwa halijaonekana. Tulipofika Mbamba Bay joto lilitupokea mlangoni mwa gari. Masweta yakavuliwa moja baada ya jingine mpaka kosta ikafanana na duka la mitumba.

Tukala mbasa wa kuchoma. Hilo lilikuwa tendo la kujiamini.

Boti tuliyokodi ilikuwa ya mbao, yenye injini na kijana mpole aliyetutaka tuvae jaketi okozi kwanza. Kamati ya kinamama ikasimama ufukweni kujadili rangi. Sare ya harusi ilikuwa bluu na krimu. Jaketi zilikuwa za rangi ya chungwa inayoonekana kutoka Malawi. Shangazi mmoja akasema basi vitenge vibadilishwe vifuate jaketi. Mshona nguo wetu, aliyekuwa ameshakata pea arobaini za bluu, akakaa chini mchangani.

Julai ni msimu wa mwera, upepo wa kusini unaolifanya ziwa lile tulivu lisahau adabu. Wenyeji walitutazama tukipanda, wakatupungia mikono. Mwanzo mambo yalikuwa mazuri. MC alisimama na kipaza sauti chake kisicho na waya, akajaribu, "Oyoyoyooo!", na mawimbi yakamwitikia kwa kumkalisha. Hotuba ya majaribio ya mshenga ilifika kwenye maneno "tunawashukuru wazazi" na haikuendelea. Mbasa mmoja baada ya mwingine walianza kurudi ziwani. Baba mkubwa peke yake alikuwa imara, akitafuta kwa macho mahali mpaka ulipo.

Ni hapo mweka hazina alipojishikilia kwa mikono yote miwili, jambo ambalo hata mimi ningelifanya, na daftari la ahadi likamponyoka.

Naomba nieleze uzito wa daftari hilo. Waliolipa tayari tulikuwa tumewaorodhesha kwenye kundi la WhatsApp, kwa majina na vialama vya kijani. Walioahidi tu walikuwa kwenye daftari. Yule kijana wa injini alilikuta likielea, akaliopoa kwa kasia, tukalianika juu ya mwamba wote tukilizunguka. Mweka hazina ana utaratibu wake: anayemwamini humwandika kwa kalamu ya wino, anayemtilia shaka humwandika kwa penseli. Wino wote ulikuwa umeyeyuka, kurasa nzima zimegeuka rangi ya sare yetu. Penseli zilibaki, herufi kwa herufi.

Kwa hiyo tulirudi Songea na orodha kamili ya watu wasiolipa. Wale waaminifu ikabidi tuwapigie simu mmojammoja kuwauliza waliahidi kiasi gani, na sijui ziwa lile lina nini, kwa maana kumbukumbu zao nazo zilikuwa zimelowa. Mheshimiwa mmoja wa Mfaranyaki, ambaye masikio yangu yalimsikia akitamka laki tano na watu wakampigia makofi akiwa amesimama, alikumbuka elfu hamsini. Mwingine alikumbuka kwamba alishalipa. Mmoja alikumbuka kuwa hakuwepo.

Kikao kilichofuata kilikuwa kifupi. Bibi harusi, ambaye miezi yote hiyo alikuwa Dar na hakuna aliyemuuliza, alijiunga kwa simu. Akasema yeye hajawahi kutaka meli. Amekua anapanda mitumbwi kwenda shule, anachotaka ni ukumbi wenye viyoyozi na sakafu isiyotikisika. Bwana harusi alimsikiliza akiwa ameinamisha kichwa, na mwenyekiti akagonga meza. Ndoa ilifungwa Songea, sherehe ikafanyika ukumbini, maharusi wakaingia saa tatu kasoro, na shangazi yangu akafika wakati wa zawadi.

Ilibaki kuvunja kamati. Desturi ni kwamba kamati haiwezi kujifia tu. Lazima ikutane mara ya mwisho, ile, inywe, isomewe mapato na matumizi. Mwenyekiti, yuleyule aliyerudi kutoka ziwani na krimu suruali nzima, akafungua kikao na kupendekeza mahali. Mbamba Bay. Akasema mwera umeshapita, ziwa limetulia, na tukichangia kidogo tunaweza hata kukodi boti jioni. Pendekezo lilipita kwa sauti moja. Baba mkubwa akaomba dakika ishirini za historia, akapewa kumi.

Maharusi walikuwa ndani ya kundi la WhatsApp bado. Usiku ule bwana harusi aliandika kwa heshima zote, akiuliza kama na wao wanaweza kuungana nasi. Mweka hazina alimjibu kabla sijamaliza kusoma: "Karibuni sana wanangu. Mchango wa watu wawili ni elfu themanini. Niambie unaahidi kiasi gani, nikuandike kwa penseli."