Stelingi Hafi

Filamu ya Commando ya 1985 ina sifa moja kubwa: haikuchoshi na hadithi. Binti katekwa, baba ana muda wa saa 11 tu kumwokoa. Yaliyobaki ni risasi. Arnold Schwarzenegger, baba mwenyewe, anasimama wazi bustanini, kifua mbele kama jogoo wa mwenye nyumba, na jeshi zima linamkosa. Sijui lilifunzwa kulenga nini, pengine mawingu. Yeye wala halengi. Maadui wanaanguka wenyewe, kwa adabu. Kasoro? Bennett, adui mkuu: tumbo limemtangulia ndani ya fulana iliyofumwa kama wavu wa samaki, eti huyo ndiye wa kumtisha mtu anayebeba gogo zima begani! Nimeitazama mara nne. Ya tano nasubiri umeme urudi.