Jinsi ya kutumia "ignoramus" bila kuumbuka

Usilianzie mdomoni. Mpwa wangu wa kidato cha tatu alilianzia huko. Alirudi kutoka kwenye mdahalo wa shule, shikamoo yenyewe akaitoa mbiombio: "Mjomba, leo wale wapinzani nimewaita ignorami, ukumbi mzima ukapiga makofi!"

Nikamketisha mezani, nikamwandikia neno zima kwenye karatasi: ignoramus. Hutamkwa ig-no-REI-mas, mkazo ukiwa kwenye REI. Kisha nikapiga mstari kabla ya -mus. Hapo ndipo Mswahili anapolishika upesi, maana kimkia hicho cha Kilatini ndicho "tu-" yetu. Neno zima ni sentensi: hatujui. Wingi umo humo humo. Kulipachika wingi mwingine wa Kilatini ni sawa na kusema "mahatujui". Waingereza husema ignoramuses, basi. Mtoto alicheka mpaka akalaza kichwa mezani.

Ukishalikata, lipeleke mahakamani, ndiko lilikolelewa. Uingereza ya zamani, kabla mtu hajapandishwa kizimbani kwa kosa kubwa, jopo la raia lilipima kwanza kama tuhuma zina ushahidi. Ukipungua, waliandika ignoramus nyuma ya hati ya mashtaka. Novemba 1681 jopo la London liliandika hivyo kwenye hati ya Earl wa Shaftesbury, aliyeshtakiwa kwa uhaini, kosa la kifo. Ni kweli wanajopo wengi walikuwa wa upande wake. Lakini neno moja lilimwokoa, na watu wakawasha mioto mitaani kwa furaha. Mimi hulipenda neno hili kwa sababu hiyo: lilikuwa ngao ya mtuhumiwa kabla halijawa tusi.

Utusi lilikuwa limeanza kuuokota jukwaani. Mwaka 1615, huko Cambridge, mfalme James wa Kwanza alichezewa tamthilia ya vichekesho ya George Ruggle kuhusu mwanasheria aitwaye Ignoramus. Jina likawaganda wote wasiojua kitu.

Halafu litafutie ndugu nyumbani, lisikae kichwani kama mgeni. Nduguye ni maamuma. Maamuma ni yule anayesali nyuma ya imamu, akirukuu anaporukuu, akisujudu anaposujudu. Hana kosa lolote. Lakini mtaani maamuma amekuwa mtu asiyejua hili wala lile. Maneno yote mawili yalitoka mahali pa heshima yakashushwa na midomo ya watu, na ukiyaweka pamoja hutayasahau tena.

Mpwa wangu aliitazama ile karatasi kwa muda.

"Sasa mjomba, wapinzani wakisema uongo niwaiteje?"

"Usiwaite. Waombe ushahidi, kama lile jopo."

"Na hawa wa leo?"

"Hao kawaombe radhi. Jumatatu, kabla ya kengele."